Bwana Samaki na Kipande Kilichopungua

Bwana samaki, yule mkaguzi wa sokoni, hufunua matamvua ya samaki kwa kidole kidogo, hunusa, hufuta kidole kwenye kitambaa chake cheupe, ndipo husema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, "Mama, huyu amelala. Mtupe." Ukimpa hata changu mmoja apeleke nyumbani, hapokei. Ndiyo maana mama mpara samaki hamwamini hata chembe. Mtu asiyepokea kidogo, anasema, huyo anangojea kikubwa.

Leo kikubwa kimekuja: samaki mrefu kama mkanda, mwenye kishungi chekundu, ametupwa ufukweni na maji alfajiri, na watu wamekwisha kumkatakata. "Huyu ni wa kilindi cha bahari, mbali na huku. Sijui kama ana sumu," akasema bwana samaki. "Rudisheni vipande, tumzike."

"Umzike au umbebe?" akauliza mama, ndoo yake ameikalia. Ndani mlikuwa na kipande cha wajukuu.

Bwana samaki alipiga magoti akavipanga vipande mchangani, kimoja baada ya kingine, kama fundi anayeunga nguo iliyochanika, mpaka likabaki pengo moja. Akalipima kwa kiganja. "Kimepungua cha kulisha watoto wawili," akasema polepole, bila kumtazama mtu. "Mungu awalinde."

Mama akainuka, akakitoa kipande, akakipachika mwenyewe. Kikaenea. Bwana samaki alipookota koleo la kuchimbia ili amfukie samaki, mama akamnyang'anya mkononi.

"Lete nifukie mimi, baba. Nione kwa macho yangu."