Mama wa Mtihani

Kila mwaka, wanafunzi wa udaktari walipokaribia mtihani wao wa mwisho, simu ya mshonaji iliita, naye alijua ni nani kabla ya salamu.

"Mama wa mtihani, upo?" Ni sista wa wodi ya moyo, katika hospitali ya chuo kikuu.

"Nipo, mwanangu. Niende wapi?"

Moyo wa mshonaji ulikuwa na mlango mmoja usiofunga sawasawa. Damu ikishapita, nyingine inarudi nyuma, inatoa mvumo. Mvumo wenyewe madaktari waliusifu: unasikika wazi, wa kufundishia hasa. Siku ya mtihani alilala nyuma ya pazia, wanafunzi wakaingia mmoja mmoja kumsikiliza, kisha wakamweleza profesa walichosikia. Alikatazwa jambo moja tu, kuwatajia ugonjwa wake.

Siku hiyo alijiandaa kama anayekwenda kuposwa. Sidiria mpya, mafuta mpaka kwenye viwiko. Mumewe alishafariki, na binti yake wa pekee ameolewa mbali, simu zake za mbiombio: "Mama mzima? Haya, nitakupigia baadaye." Hiyo baadaye haikufika. Wateja nao walileta sare zilizochanika, wakachukua sare zao, wakaenda. Mkono wa mtu begani mwake, na sauti ya kumuuliza anajisikiaje, alivipata pale hospitali tu.

Mwaka huu profesa alimsikiliza mwenyewe kwanza, na alipotoa kipimo cha moyo masikioni hakutabasamu.

"Mama, mlango umelegea zaidi. Ngazi unapanda?"

"Napanda, napumzika, napanda."

"Tuurekebishe basi. Nimekuomba tangu lini? Ukizidi kukawia, moyo utachoka kabisa, na hapo hata mimi sina la kufanya."

"Ukitengenezwa, huu mvumo unakwenda wapi?"

"Unakwisha."

"Na mtaniita tena?"

Profesa akacheka. "Tukuite kufanya nini, mama? Utakuwa mzima!"

Naye akacheka, maana mwenzake alicheka kwa wema. "Acha wanangu wafanye mtihani kwanza," akasema, kama alivyosema mwaka jana na mwaka juzi.

Wakaingia. Mmoja alitetemeka mpaka mshonaji akamnong'oneza, "Baba, mgonjwa ni mimi, si wewe." Wa mwisho alikuwa msichana mwenye miwani. Alikipasha kipimo joto kiganjani kabla ya kumgusa nacho, akasikiliza kwa muda, kisha akauliza:

"Mama, unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Ukizidiwa, unamwita nani?"

Lilikuwa swali la mtihani. Wote walitakiwa kuliuliza, wenzake walisahau. Mshonaji akafungua mdomo, akatafuta mtu wa kumtaja, hakumpata. Akajiona yupo sakafuni kando ya cherehani, mlango umekomewa kwa ndani, mteja nje anabisha, ananuna, anaondoka zake.

"Simwiti mtu," akasema.

Msichana akamfunika shuka vizuri kabla ya kutoka. Profesa alipofungua pazia amshukuru, alimkuta amekwisha kuvaa blauzi, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Profesa, nipangie siku ya kupasuliwa."

Akapasuliwa salama. Binti yake akaja, akalia, akamlisha uji, akarudi kwa watoto wake. Kidonda kilipoanza kukauka, asubuhi moja wanafunzi wapya wakapita wodini na profesa wao. Mshonaji alipowaona tu akajiinua kwenye mto, akafungua vifungo kabla ya kuombwa.

Kijana mmoja akasikiliza juu, akasikiliza chini.

"Unasikia nini?" profesa akauliza.

"Kawaida, profesa. Hakuna mvumo."

"Hongera, mama!"

Wote wakamtabasamia, wakahamia kitanda cha jirani. Huko alilala bibi mmoja aliyelazwa jana, na makoti meupe yakamzunguka mpaka hakuonekana. Mshonaji alijifunga vifungo polepole, akiinamisha sikio. Walikuwa wanamuuliza bibi ana watoto wangapi, anafanya kazi gani, anapenda kulalia upande upi.

Sista akaja na shuka safi mkononi.

"Wewe sasa mzima, mama. Leo unaweza kwenda nyumbani," akasema, ameshaanza kuchomoa ncha ya shuka la zamani. "Kitanda kinasubiriwa."