Amani Imechukuliwa

Mzee wa taipu alipiga herufi kwa vidole viwili, akivipuliza kila mara kama aliyeshika ugali moto. Mimi na Hodan, ambao maduka yetu yaliteketea kwenye vurugu za uchaguzi, tulimwendea atuandalie karatasi za kusajili biashara moja. “Jina?” akauliza. “Amani Traders,” Hodan akasema. “Imechukuliwa.” Nikajaribu Umoja. “Imechukuliwa pia. Mama, Eldoret yote imepatana kwa karatasi. Nyinyi mnauza nini?” Nikamwambia sufuria, naye akaandika Sufuria Traders.

Alipouliza anwani, Hodan akamwambia hatukuwa nayo tena. Bila kuinua kichwa, akapiga namba ya sanduku lake mwenyewe la posta. “Barua zikija nitawaita,” akasema. “Za mapenzi nitasoma kwanza.”