Mshumaa Uliozimwa kwenye Kijaluba cha Fedha

Sikuota, sikuwa na homa, na miraa sili. Haya yalinipata Garissa, mchana kweupe, wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, na anayesimulia ni mtu mwenye diploma. Niliondoka hapa mchunga mbuzi, nikarudi kutoka Ujerumani fundi wa kuchonga nakshi kwenye madini. Hakunisomesha mtu, nilijisomesha. Garissa nzima, nani mwingine alikuwa na cheti kama hicho?

Nilirudi na karatasi za nakshi za zamani za huko, za mtindo wa Baroki, kila moja ndogo kama kiganja cha mtoto. Ukizitazama haraka utaona majani yaliyojiviringa tu. Lakini kila kitu mle kina maana: kipepeo ni roho, saa ya mchanga ni umri unaokwisha, mshumaa uliozimwa na moshi wake ni maisha yaliyokatwa. Niliyafanyia mtihani haya, nikapasi.

Sasa nisikilize. Mjomba wangu, ambaye tuliitana abti, alikuwa dereva wa lori. Alitakiwa kwenda Wajir na msafara wa askari, na barabara ile ilikuwa imetegwa mabomu. Akaniomba nimchongee kijaluba cha fedha cha kuwekea hirizi. Nikachagua mshumaa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kigumu kuchonga kama moshi, na nilitaka watu wauone mkono wangu. Nikajiambia, nani hapa atajua maana yake?

Siku ya safari, adhuhuri, nilikuwa dukani kwangu namalizia kazi, karatasi ya mshumaa iko mezani, mlango nimeutia komeo. Nikainua macho, mama mmoja amesimama mbele ya meza, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Komeo lilikuwa mahali pake, niamini. Akaweka kidole juu ya fedha.

"Huyu umemzima kwa nini?"

"Ni pambo tu, mama. Mimi nimesomea."

"Umesomea, haya. Basi mwambie mwenyewe maana yake."

Akaipuliza ile karatasi ya mshumaa, nami nikaona kwa macho haya moshi wa wino ukipinda upande. Duka zima likanuka utambi. Kufumba na kufumbua, hayupo. Komeo halikuguswa.

Nikakimbia na kijaluba hadi kwenye malori. Nilikwenda kumwambia, wallahi nilikwenda kumwambia. Madereva wakaangua kicheko: "Daktari wa vijiko amefika!" Abti akakigeuzageuza kijaluba juani, amefurahi, akaniuliza:

"Abti, hii bicha ya nini? Moshi wa chai?"

Wote wakanitazama. Ningesema nini? Kwamba mimi, na diploma yangu, nimemchongea mjomba wangu kifo?

"Ni pambo la wafalme," nikasema.

Akakivaa shingoni, akapanda. Lori lake lilikanyaga bomu kabla ya kufika Wajir. Yeye alizikwa hukohuko. Kijaluba kilirudi bila hata mkwaruzo.

Tangu hapo siwezi kukaa dukani adhuhuri. Nazunguka soko la mifugo, sinunui kitu, siketi. Mjane wake hukivaa, na kila Iddi hunishukuru kwa kumpamba mumewe kama mfalme. Kila Iddi nafungua mdomo, naufunga.

Wewe mwenye cheti chako, ukiulizwa maana ya kazi ya mkono wako, acha wakucheke. Jibu kabla injini haijawashwa.