Aliyeahidi Kurudi Kuonja

Watu wa Kaplong waliokula kashata za Tapsabei walisema mkono wake ulikuwa mtamu. Rodah Chelangat, mke wa mwanawe, alikaa naye boma moja miaka sita na hakuwahi kuuona mkono huo ukifanya kazi. Alichokiona ni mgongo. Sukari ilipoanza kuyeyuka, Tapsabei alimgeuzia mkaza mwana mgongo mpana wa sweta ya kijani, na alipogeuka tena kazi ilikuwa imekwisha, njugu zimeshachanganywa na kumwagwa kwenye sinia. Kisha aliinama, akatega sikio karibu na sinia na kufumba jicho la kushoto nusu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Kashata nzuri huongea ikipoa," alisema. Na kweli, zake ziliongea: ta, ta-ta, ta, kama kucha za panya juu ya mabati.

Za Rodah hazikusema kitu. Mara chache aliporuhusiwa kupika, mama mkwe alitega sikio, akangoja, akaonja kona moja kwa ajili ya adabu, kisha akaenda mlangoni na kuwamwagia kuku sinia nzima. "Kuku nao wameumbwa na Mungu," alieleza. Kuku wa boma lile walifikia hatua ya kujipanga mlangoni kila walipomwona Rodah ameshika mwiko.

Tapsabei alipougua, aliugua kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu. Siku za mwisho alimwita Rodah kitandani.

"Na kashata? Utaendelea?"

"Nitajaribu, mama."

"Jaribu. Nitarudi kuonja."

Wiki ile ile akafa, mchungaji akiwa upande mmoja wa kitanda na Rodah upande wa pili, na kati yao ni Rodah peke yake aliyeonekana kuamini ufufuo kwa dhati.

Mahali pengine maneno yale yangechukuliwa kuwa ya mgonjwa. Lakini kwa Wakipsigis kurudi ni jambo lenye utaratibu wake. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee wa upande wa baba huketi naye na kuwataja waliokufa wa ukoo, jina baada ya jina, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, mwenyewe ndiye amerudi. Kanisani wanajua kuwa jambo hili linafanyika. Hawaulizi, na hakuna anayewaambia.

Kwa hiyo Rodah aliposhika mimba, mwaka ule wa mvua za El Niño, kila mtu alifurahi ila yeye. Alipika kashata za kuuza kwa sababu pesa za majani chai peke yake hazikuwatosha yeye na mumewe Kiptum, na kila alipopika alihisi kuna mtu nyuma yake anayengoja zipoe.

Akafanya mpango na mdogo wake, Cheptoo, aliyekuja kumsaidia baada ya kujifungua. Miongoni mwa wafu wa ukoo alikuwako mama mmoja aitwaye Tabutany, ambaye jambo pekee lililokumbukwa juu yake ni kwamba hakuwahi kugombana na mtu. Rodah aliona huyo ndiye wa kukaa naye. Siku ya kuita jina, Cheptoo angekuwa jikoni akikaanga njugu za wageni, na likitajwa jina la Tabutany, atupe motoni konzi ya maganda makavu ya njugu. Moshi wa maganda hayo humpigisha chafya hata ng'ombe.

Mpango ulikwenda vizuri kupita kiasi. Kogo Rael, yaani nyanya Rael, shangazi yake Kiptum na mkubwa wa wanawake waliokuja, alitaja Tabutany, moshi ukatambaa, mtoto akapiga chafya. Kogo Rael naye akapiga, na bibi aliyekuwa kando yake, na paka. Kwa haki Tabutany alikuwa amerudi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, lakini wanawake walipiga vigelegele, jina likakaa. Baadaye mchungaji aliongeza la ubatizo, Mercy.

Jioni ile ile mtoto akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa kilio cha mtu aliyesimama langoni akibisha hodi, anayesikia wenyeji wakizungumza ndani na haitikiwi. Alishika ziwa kidogo, akaliacha, akageuza kichwa akalia tena. Ukungu ulishuka juu ya michai kila asubuhi, na waliopita njiani kupeleka majani walisikia sauti ile wasijue inatoka boma gani. Hospitali ya misheni walimpima kifua, masikio na tumbo, wakasema mtoto hana ugonjwa. Kwenye mizani, hata hivyo, kila mwezi alikuwa mwepesi kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Kufikia Januari mikono yake ilikuwa imekonda hata Kiptum akaacha kumtazama anapovuliwa nguo.

Gesare ndiye aliyeona. Gesare alikuwa mama wa Kikisii aliyechukua kashata za Rodah na kuziuza soko la Chepilat, na hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Mama Mercy, hizi zako zinanimaliza. Zinashika meno. Juzi mteja amenirudishia moja na jino lake likiwa ndani."

"Ni mvua, Gesare. Kila kitu kina unyevu."

"Mvua inanyesha kwako peke yako?" Kisha akainua kidole. "Wewe. Tazama mtoto."

Rodah alikuwa amemwaga sinia sasa hivi. Mercy, aliyelia tangu alfajiri, alikuwa kimya. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa sinia, shingo imenyooka kuliko inavyoweza kunyooka shingo ya mtoto wa miezi mitatu, na jicho la kushoto limefumbwa nusu.

Walingoja wote watatu. Sinia haikusema kitu. Mtoto akavuta pumzi, akaanza kulia upya.

"Huyo anasikiliza nini?" Gesare aliuliza, akijifunga leso upya ingawa haikuwa imelegea.

"Sijui."

"Unajua. Uso wako unajua. Sisi kwetu tunampa mtoto jina la nyanya aliyekufa na tunakwenda kula. Nyinyi mnangoja chafya, basi ngojeni vizuri." Akabeba beseni lake akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kuita jina upya kunaruhusiwa. Mtoto akilia bila kukoma, husemwa kwamba aliyerudi ameitwa kwa jina la mwingine. Lakini lazima waite wanawake wa upande wa baba, na kumwendea Kogo Rael kulikuwa na maana ya kusema habari za maganda. Rodah alimfunga mtoto mgongoni, akapanda kilima katikati ya mvua akiyapanga maneno. Hakuhitaji hata moja.

"Umechelewa," alisema Kogo Rael mlangoni. "Nilidhani utakuja mtoto akiwa na mwezi mmoja."

"Kogo, ulijua?"

"Mtoto wangu, nimezeeka macho. Pua bado ni ya jana. Maganda ya njugu nisiyajue?"

"Na hukusema!"

"Niseme nini? Mwenyewe alikuwa anasema kila siku, huku mpaka mtoni tunamsikia." Akachukua fimbo yake. "Twende. Usiwashe maganda."

Waliketi jikoni mchana ule, mlango wazi, bila moshi. Kogo Rael alimpakata mtoto na kuita, "Tapsabei." Mercy alilia tu. Akaita mara ya pili, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgeni. Hakuna chafya.

"Alikuambia nini alipokuwa anakwenda?"

Rodah alitazama sakafu. "Kwamba atarudi kuonja."

"Basi unamwita mtu kwa chakula, na huna chakula? Pika."

Rodah alipaka sinia mafuta, akaweka sufuria motoni, akamimina sukari. Ikayeyuka. Ilipofika rangi ya asali, pale alipozoea kuiepua kwa hofu ya kuunguza, alishika sufuria kwa kitambaa.

Mtoto akapiga yowe.

Rodah akairudisha. Mtoto akanyamaza.

Alijaribu tena baada ya muda, sukari sasa ikiwa na rangi ya udongo mwekundu wa barabara ya Sotik. Yowe. Akairudisha. Kogo Rael alimgeuza mtoto ili aone vizuri zaidi, au labda mtoto aligeuka mwenyewe. Sufuria ilianza kutoa uzi mwembamba wa moshi, na harufu iliyokaribia kuungua bila kuungua, harufu ambayo Rodah aliikumbuka mara moja, maana kwa miaka sita ilimfikia ikipitia kando ya mgongo wa sweta ya kijani. Sukari ilikuwa nyekundu na nyeusi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Akaishika sufuria. Nyuma yake palikuwa kimya.

Akatia njugu, akachanganya, akamwaga, akasawazisha kwa chupa. Akarudi nyuma.

Kuku walikuwa wameshafika mlangoni. Hakuna aliyewaita.

Kwa muda palisikika mvua peke yake. Kisha sinia ikasema: ta. Ta-ta. Ta.

"Tapsabei," akaita Kogo Rael, polepole.

Mercy akapiga chafya, moja, kavu, ya mtu mzima.

Kogo Rael alimkabidhi mtoto kwa mama yake kama anayempisha mwenye nyumba kiti. Rodah alivunja kipande, akagusa ncha yake kwa kidole kilicholowa, akakipeleka kidole kile kwenye mdomo wa mtoto. Midomo ikajikusanya. Jicho la kushoto likafumbwa nusu. Rodah alisimama akingoja kama alivyongoja miaka sita, ingawa safari hii mwonjaji hakuweza kushika hata kichwa chake sawasawa.

Kisha mtoto akageukia ziwa, akanyonya kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama mtu aliyetembea mbali.

Kuku walingoja hapo mlangoni mpaka giza lilipoingia. Hawakutupiwa kitu.

Wiki iliyofuata Gesare alirudi kutoka Chepilat na beseni tupu, akataka maradufu. "Umefanyaje? Zinavunjika kama kioo!"

"Nimepata mtu wa kunisimamia," alisema Rodah. Akamsogeza Mercy kidogo mgongoni, kwa heshima, ili naye aone sufuria.