Vya Leo

Mwanangu anaitwa Spana. Jina nililompa mwenyewe siku hizi huitwa hospitalini tu, nesi akisoma kadi. Ni fundi katika bustani ya michezo ya watoto, ile yenye bembea, vigari vya kugongana na gurudumu kubwa linalopandisha watu kwenye viti mpaka wanaona mapaa ya mji mzima. Gurudumu ndilo lake. Asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, analizunguka na kopo la grisi, anakaza nati, anagonga chuma kwa spana na kutega sikio, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Mkewe ni fundi cherehani, na gurudumu hilo huliita mke mwenza.

"Mke mwenza ameamkaje?"

"Analalamikia nyonga," Spana humjibu.

Kazi hii hakuifuata kwa ajili ya vyuma. Vyuma viko kila mahali. Aliifuata kwa sababu ilikuwa bustani ya familia, na ndani ya ukuta wake hapakuwa na tone la pombe. Kiwandani alikotoka, zamu ilikuwa inaishia baa. Gereji aliyohamia ilipakana na baa. Spana alivaa miwani miaka kumi na moja, na sisemi miwani ya macho. Alikuwa akirudi nyumbani analala kwenye kitanda cha jirani, na jirani mwenyewe yumo. Hiyo si chuku. Chuku zangu utazijua zikifika.

Siku aliyoacha, mkewe alikwisha kupanga nguo zake na za mtoto kwenye begi la bluu. Hakugomba. Alilifunga zipu, akalipandisha juu ya kabati, akasema, "Siku ukirudi na harufu hiyo, sitahangaika kupanga tena. Nitalishusha tu." Begi likakaa huko miaka mitatu. Kila jioni Spana akiingia, jicho la kwanza linakwenda juu ya kabati, kama mtu anayetazama saa. Na kila asubuhi akifunga kamba za viatu husema peke yake, "Leo simo." Ya kesho haitaji.

Basi nilikwenda kuwatembelea. Mjukuu wangu, tunayemwita Redio, alikuwa na miaka saba na ndiyo kwanza amejua kusoma. Aliyejua kusoma juzi hapumziki: anasoma mfuko wa sabuni, anasoma tairi la lori. Mimi shule niliiona dirishani. Nilipochungulia, mwalimu alitoka mbio kwa hofu, shule ikafungwa wiki mbili, kwa hiyo sikupata bahati. (Redio ndiye anayeniandikia haya, na hapo amecheka akakataa kufuta.) Nilifurahi kupata macho ya kuazima. Jumamosi tukashikana mikono, tukaenda bustanini kumwona baba yake kazini.

Jua lilikuwa linachoma utosi. Hatua kama ishirini kutoka kwenye gurudumu tukakuta kibanda kipya, rangi yake bado inanuka. Kina mwavuli, kina kibao. Redio akasimama, akaanza kukata silabi.

"Ju-i-si. So-da. Ma-ji ba-ri-di. Vi... leo."

"Vi nini?"

"Vi leo, bibi."

"Vya leo?"

Akatazama tena kwa makini. "Ndiyo. Wamesahau kuandika ya."

Nikatafakari. "Kumbe hivyo vingine vyote ni vya jana!"

"Wanawauzia watoto vya jana, bibi?"

"Ndiyo wafanyabiashara hao, mjukuu wangu. Twende, mimi nitakunywa vya leo."

Muuzaji alikuwa binti aliyevalishwa kofia yenye masikio ya sungura. Nikamwambia, "Mama, nipe kimoja cha hivyo vya leo. Mtoto mpe juisi, tumbo lake bado changa, vya jana vitapita."

Akanitazama. "Vya hapo chini, bibi? Una uhakika?"

"Umri wote huu, unataka nifie kwenye viporo?"

Akacheka mpaka masikio ya sungura yakatikisika. Akanijazia kikombe cha plastiki chenye picha ya tembo anayetabasamu. Ndani rangi ya chungwa, barafu, mrija, na kipande cha nanasi pembeni. Nikavuta. Tamu. Nikavuta tena, na funda la pili ndipo ulimi wangu ukakumbuka ulikotoka.

Hapa niseme ukweli, maana bila huu mengine hayana mguu. Mimi nilimlea Spana kwa pombe. Mume alipofariki nilikuwa napika pombe uani na kuiuza sebuleni, na wateja walikuwa wanakaa mpaka kwenye kitanda. Kwa hiyo funda la pili nilijua ninachokunywa. Ningeweza kukitua kikombe. Sikukitua. Nilikimaliza, nikaomba kingine, nikajiambia nataka kuhakikisha.

Ndipo nikamwona mwanangu kwa mbali, na kile kikombe cha pili kikanichoma mkononi. Alikuwa kwenye gurudumu lake, hatua ishirini, ameligeuzia lile banda mgongo. Alikuwa anapaka grisi upande uliokwisha kupakwa. Mtu anayefanya kazi vile sihitaji kufundishwa kumtambua: anaikimbia kiu.

Nikamwuliza yule binti, "Mmefungua lini hapa?"

"Leo siku ya tisa, bibi. Wazazi walikuwa wanalalamika. Watoto wanacheza, wao wanakaa na kiu."

Siku tisa! Nami nilikuwa nyumbani kwake siku ya tano, ninakula naye meza moja, hajasema neno.

Tukaenda. Nilikificha kikombe chini ya mtandio, sijui kwa nini, mkono wa mwizi tu. Ulikuwa muda wa chakula, gurudumu limesimama, na Spana alikuwa anaingia kwenye kiti cha chini na bakuli lake la mfuniko.

"Shikamoo, mama. Mbona hamkusema mnakuja?"

"Marahaba. Unakwenda wapi na chakula?"

"Juu."

Mpiga swichi, kijana mmoja mnene wanayemwita Kidole, akajibu akiwa kwenye kibanda chake. "Siku hizi bosi anakula mbinguni, bibi. Anapanda, mimi nazima, nusu saa ndiyo namshusha."

"Na mimi napanda," nikasema. Redio, aliyekuwa ameshazunguka mara tatu mwezi uliopita na kumtapikia Kidole viatu, akaridhika kubaki kulinda swichi.

Kiti kikapanda. Watu wakawa kama siafu. Niliona mji wote, nikaona na kijiji nilichozaliwa, nikaona na mbuzi aliyeniibia chumvi utotoni, bado anatafuna. Kisha gurudumu likasimama tukiwa juu kabisa, na mashine ikanyamaza. Upepo tu.

Spana hakufungua bakuli. Pua yake ilikuwa inafanya kazi.

"Mama. Umekunywa?"

"Juisi."

"Mama."

"Kimoja."

"Mama!"

"Na nusu."

Akafumba macho. "Napanda huku kwa sababu harufu haifiki. Siku tisa. Leo umeniletea."

Nilitaka kusogea mbali naye, na kwenye kiti kile hakuna mbali. Kiti kikayumba, mkono wangu ukateleza, na nusu iliyobaki kwenye kikombe, pamoja na barafu zake, ikammwagikia magotini. Ikapenya ovaroli, ikapenya suruali, ikashuka mpaka kwenye soksi.

Mwanangu akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Akakaa hivyo. Hakutaka hata vidole viguse.

Nikainama kule chini, nikapiga kelele. "Wewe Kidole! Tushushe!"

Kidole akatupungia mkono, na Redio naye akapunga.

"Hatashusha," Spana akasema. "Nimemwambia asinishushe kabla ya nusu saa, hata nikiita, hata nikimtukana. Siku ya tatu niliita. Nilimtukana vibaya. Alikaa kimya anakula mahindi yake."

Nikaziba mdomo kwa mtandio. Nikageuza uso upande wa upepo. Mimi kwa kawaida mahali pagumu natoa hadithi, na zilikuwapo, zinapigana kumbo mlangoni. Lakini yule mtu alikuwa ameinua mikono. Zikaona haya kutoka.

Nikasema kupitia kwenye kitambaa, "Ulikuwa unakusanya vikombe vya wateja, ukiwa mdogo kama Redio. Ulikuwa ukivipeleka uani kuosha."

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unavikausha kwanza. Matone ya chini. Nilikuwa nakuona dirishani."

"Nilijua unaniona," akasema. "Nilikuwa nanywa huku nakutazama, nione kama utanikataza."

Nikazidi kuubana mtandio mdomoni.

"Ulicheka, mama. Ukawaita na wateja waje wacheke."

Kweli nilicheka. Ulikuwa mzaha mkubwa wa nyumba ile, mtoto anayetembea upande upande kama kaa. Niliusimulia miaka, kila mwaka nikiutia chumvi. Kule juu nilijaribu kuutafutia mahali panapochekesha, sikupaona. Nikasema, "Nisamehe, baba." Alishusha mkono mmoja, ule wa upande wangu, akaurekebisha mtandio wangu uliokuwa unapeperuka, kisha akauinua tena juu. Tukakaa hivyo mpaka mashine ikanguruma.

Jioni nilimsihi abadili nguo. Ana shati na suruali kwenye kabati la kazini. Akakataa. "Zamani nilikuwa nabadili, mama. Nilikuwa naficha nguo hata kwenye ndoo ya mkaa. Sifichi tena." Basi tukatembea watatu kuelekea nyumbani, na ile suruali inanukia kama harusi iliyoharibika.

Mlango ukafunguliwa, cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Mkwe wangu ana pua ambayo polisi wangeilipia mshahara. Alimtazama mumewe usoni, akamtazama magotini, akavuta kiti, akapanda, akalishusha begi la bluu. Vumbi la miaka mitatu likaanguka sakafuni.

"Si mimi," Spana akasema.

Maneno hayo mawili alikwisha kuyasema mara elfu, na mara zote elfu alikuwa ni yeye. Niliona yanavyomgonga mkwe wangu na kuanguka chini.

Nikajitokeza mbele. "Ni mimi, mwanangu. Nimekunywa mimi, nikammwagia. Tulikuwa juu ya gurudumu, nimeficha kikombe chenye tembo, muuzaji ana masikio ya sungura..."

Nikajisikia ninavyosikika.

"Mama," mkwe wangu akasema taratibu, "wewe ndiye uliyeniambia ulizaliwa na meno yote ukamng'ata mkunga."

"Hilo nalo—"

"Na kwamba simba alikuomba radhi."

Nimesema uongo mwingi maishani na haukuwahi kunigharimu hata usingizi. Siku hiyo nilikuwa na ukweli mmoja tu, na haukupata mtu wa kuununua.

"Mama, ni kweli," Redio akasema. "Nilisoma mimi. Bibi alikunywa vi leo."

"Vi nini?"

"Vi leo! Wamesahau ya."

Akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika juu ya meza ya kushonea, ulimi nje, herufi moja moja: V, I, L, E, O. Mkwe wangu akasoma mara moja, bila kukata.

"Vileo," akasema. Akajishika mdomo. "Huko bustanini? Kwa watoto?"

"Hatua ishirini kutoka kwenye gurudumu," nikasema. "Siku ya tisa leo."

Akanisogelea. "Samahani, mama yangu. Nipulizie."

Nimeheshimiwa na wakwe zangu wote, lakini siku hiyo nilifungua mdomo mbele ya binti wa watu na kumpulizia usoni. Alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akamfuata mumewe, akasimama karibu kabisa, pua kwa mdomo. Akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hujala," akasema.

"Sijala."

"Siku tisa, na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelitazama begi."

Wote tukalitazama. Lilikuwa katikati ya chumba. Mkwe wangu akaketi sakafuni kando yake, akafungua zipu, ikagoma, ikakubali. Akatoa gauni dogo la njano, la mtoto wa miaka minne. Akampimia Redio. Likaishia kitovuni. Akatoa viatu, havingemtosha hata vidole. Alikuwa amelilinda lile begi miaka mitatu, na mtoto aliyempangia nguo hayupo tena. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, na Spana akapiga magoti hapo hapo na suruali yake inayonuka.

Begi halikurudi juu ya kabati. Halikutupwa pia. Liko chini ya cherehani, lina vipande vya vitambaa, na zipu iko wazi.

Kile kibanda bado kipo. Spana bado anakula juu, na siku ambazo hakuna nguo za haraka mkewe humpelekea chakula na kupanda naye, Kidole akawazimia swichi. Mimi gurudumu nimepigwa marufuku. Na jioni Spana akirudi haangalii tena juu ya kabati. Anasimama mlangoni, anampulizia mkewe kabla hajaombwa, kisha ndipo anavua viatu. Nikiwa nimekuja kuwatembelea, napanga foleni na mimi. Wananitanguliza, kwa heshima ya umri.