Inchi Mbili Zilizozidi

Fundi cherehani wa sokoni Bariadi ana vidole viwili visivyotulia. Vikishabana kiuno cha gauni la mteja, vinahamia tumboni kwake mwenyewe, kuvuta ngozi iliyolegea tangu ajifungue miezi saba iliyopita. Kilo zimeondoka, ngozi imegoma kuzifuata. Kila asubuhi anaipima kwa futikamba, zinakuja inchi mbili zilezile, anasonya. Jana mteja wake Specioza alileta gauni lipunguzwe. "Kinachozidi kata, tupa." Fundi akanuna kama ametukanwa. "Mayu, mama yangu, kitambaa kizima hiki? Nakikunja ndani, siku moja utakihitaji." Mtoto akaamka mgongoni, fundi akampakata, akamnyonyesha. Kiganja kidogo kikaikamata ile ngozi ya tumbo, hakikuiachia. "Na hiyo, fundi?" Specioza akacheka. "Utaikunja wapi?" Fundi akaitazama, mara hii bila kusonya. "Iache. Ina mwenyewe."