Mkono wa Shangazi Kwenye Televisheni

Mwezi uliopita nilikwenda Mtopanga, mtaa nilikokulia, kuhani msiba. Pale matangani kijana mmoja akadai kwamba wanawake wameanza kutangaza kwenye televisheni juzijuzi tu. Sikutaka kubishana mbele ya wafiwa. Basi nikueleze wewe.

Shangazi yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kwenye televisheni, enzi za picha nyeusi na nyeupe. Alianza kwa kuweka mbele ya kamera kadi zenye majina ya vipindi, kisha akapewa kuvitangaza mwenyewe. Mimi nilipopata akili, miaka ya themanini, walikuwa wamekwisha kumwachisha kazi, eti uso umechoka. Wanaume wa rika lake walibaki na mvi zao. Yeye alirudi kukaanga mahamri barazani kwetu. Alfajiri nyumba nzima ilinukia iliki, nami napepea makaa huku macho yakiniwasha. Hata bei ya mbaazi za kulia mahamri aliitaja kwa sauti ya kutangaza, na wateja walimcheka.

Hayo hayakumuuma. Kilichomuuma ni nyanya, mama yake. Zamani zile kwetu hapakuwa na televisheni, kwa hiyo nyanya hakuwahi kumwona bintiye kazini. Alichokipata ni maneno ya watu, kwamba huko aliko anajianika kichwa wazi mbele ya wanaume. Shangazi aliapa hakuvua mtandio hata siku moja. Nyanya alimjibu, "Lisemwalo lipo," na radhi akamnyima.

Siku moja ikatangazwa kwamba kutakuwa na kipindi cha kukumbuka mwanzo wa televisheni. Shangazi alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Jumapili hiyo akamshika nyanya mkono hadi kwa jirani aliyefanya kazi bandarini, mwenye televisheni ya betri ya gari. Mtaa mzima tulijazana sebuleni.

Kwenye kioo wakaja wanaume wa suti, mmoja baada ya mwingine, wakisifiana.

"Yuwapi mwanangu?" nyanya akauliza. "Mbona mimi naona wanaume watupu?"

"Subiri, mama. Inshallah yuaja."

Mara ukatokea mkono ukiweka kadi, ukapotea. Shangazi akaruka. "Mama, ule mkono ni wangu! Wallahi ni wangu!" Akauinua wake kando ya kioo tuulinganishe. Watu waliangua kicheko, na mpaka leo sijawasamehe. Kipindi kikaisha.

Shangazi alifunga safari hadi kituoni kuulizia picha zake. Akaambiwa tepu zilikuwa chache, kwa hiyo za zamani zilifutwa zikatumiwa tena. Alirudi akamwambia mama yake, "Wamenifuta. Juu yangu wamerekodi mpira."

"Mwenye heshima hafutwi," nyanya akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Siku hizi kila kibanda pale Mtopanga kina televisheni, na wasichana wenye mitandio husoma habari bila mtu kugeuza shingo. Sebule ile imevunjwa, majirani wale wengi wamekufa. Uso wa shangazi katika ujana wake hauko popote.

Nyanya aliugua mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shangazi ndiye aliyemlisha uji na kumbadilisha shuka. Siku ya mwisho aliinama akaomba, "Mama, nipe radhi." Nyanya alikuwa na fahamu zake zote. Akageukia ukutani.